Dau lisilobadilika kwenye mashine za sloti za Las Vegas: mpango huu una maana?

Mwananjiro aliuliza:

Wakuu, salaam.

Mwezi ujao ofisi inanipeleka Las Vegas kwenye maonyesho ya vifaa vya umeme wa jua, na hoteli tuliyopangiwa, kama zilivyo nyingi za mtaa ule, ina kasino ghorofa ya chini, kiasi kwamba kutoka mapokezi hadi kwenye lifti ni lazima upite katikati ya mashine za sloti. Mimi si mcheza kamari, lakini sioni sababu ya kupita hapo siku zote nimeinamisha kichwa kama mtu anayeingia msibani. Nimetenga dola 200 ambazo nimekwisha kuzitoa moyoni: zikirudi ni heri, zisiporudi sitamlaumu mtu.

Mpango wangu ni mwepesi. Nitazigawa fedha hizo kwa jioni mbili, dola 100 kila jioni. Nitakaa kwenye mashine ya senti moja na kuweka dau la senti 50 kila mzunguko, bila kulipandisha ninapopata na bila kulipandisha ninapokosa. Salio likifika dola 150 nitanyanyuka, na likiisha nitanyanyuka vilevile. Sitaingiza mkono mfukoni mara ya pili.

Wenzangu ofisini wananipinga, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja anasema dau lisilobadilika ni woga, na kwamba ukikosa unapaswa kuliongeza mara mbili hadi upate, kwa kuwa ukipata mara moja tu umerudisha zote. Mwingine anasema kazi kubwa ni kuchunguza mashine iliyokula watu muda mrefu, maana hiyo imekaribia kutema. Wa tatu anaziponda mashine za senti na kunitaka niende kwenye za dola moja kwa sababu eti zinalipa vizuri zaidi.

Ningependa kujua kutoka kwa wenye uzoefu au wenye hesabu: je, mpango wangu unaongeza nafasi ya kushinda hata kidogo, au unanichelewesha tu kuliwa? Na ikitokea nimepata kitu kikubwa, mgeni mwenye pasipoti ya Tanzania analipwaje?

Fundi wa Henderson alijibu:

Ndugu Mwananjiro, kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuhudumia mashine hizi hapa Nevada, kwa hiyo nitaanza na mwenzako wa pili, kwa kuwa dhana yake ndiyo ninayoisikia kila siku.

Ndani ya mashine ya leo kuna programu inayozalisha namba za nasibu mfululizo, usiku na mchana, hata wakati ambapo kiti kiko wazi. Unapobonyeza kitufe, programu huchukua namba iliyopo nukta hiyohiyo, huilinganisha na jedwali la malipo, na matokeo yanakuwa yamekwisha kuamuliwa kabla picha hazijaanza kuzunguka. Kinachozunguka ni maonyesho. Ni kweli kwamba mashine ina mita zinazoandika kila dola iliyoingia na iliyotoka, na mimi mwenyewe huzisoma mlango unapofunguliwa, lakini mita hizo ni za uhasibu na kodi. Programu inayochagua namba haizitazami. Kwa hiyo mashine iliyokula kuanzia asubuhi na mashine iliyotoka kutema dola elfu moja sasa hivi zina nafasi ileile katika mzunguko unaofuata.

Watu wa zamani walikuwa na sababu ya kufikiri vingine. Mashine ya Charles Fey wa San Francisco, ya mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa na magurudumu matatu yenye alama kumi kila moja, na kumi mara kumi mara kumi ni michanganyiko 1,000. Mtu mwenye subira angeweza kukaa akazihesabu alama hizo kwa macho na kujua anashindana na nini. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipewa hataza ya mbinu iliyoondoa uwezekano huo. Tuseme mashine ina magurudumu matatu, na kila gurudumu unaloliona lina vituo 22. Ndani ya kompyuta kila gurudumu lina jingine lisiloonekana, lenye vituo 64 au zaidi, na kila kituo cha ndani kimefungwa kwenye kituo kimoja cha nje. Alama ya jakipoti inaweza kupewa kituo kimoja tu cha ndani, wakati nafasi tupu zilizo juu na chini yake zimepewa vingi. Kwa macho yako jakipoti ni mara moja kati ya 10,648. Kwa kompyuta yenye vituo 64 ni mara moja kati ya 262,144. Ndiyo maana kwenye mashine za magurudumu halisi alama ile hupenda kusimama juu kidogo au chini kidogo ya mstari, na mchezaji huondoka akiamini kwamba alikosa kwa unywele.

Sasa kuhusu senti na dola. Sheria za Nevada zinataka mashine ilipe walau asilimia 75 ya madau, na New Jersey inataka walau 83, lakini ushindani wa kasino wenyewe huzifanya zilipe zaidi ya hapo. Bodi ya jimbo inayodhibiti kamari huchapisha kila mwezi ni kiasi gani kimebaki mikononi mwa kasino kwa kila aina ya mashine, na kwa miaka mingi mashine za senti zimekuwa zikibakiza takriban asilimia 10, au zaidi kwenye mtaa wenye hoteli kubwa, ilhali za dola moja hubakiza pungufu ya hapo. Katika hilo mwenzako wa tatu amesema kweli. Alichokisahau ni kuuliza asilimia hizo ni za nini, na hilo nawaachia wenye hesabu.

Jambo jingine la kuangalia ukifika: "senti moja" ni jina tu. Dau la chini kabisa kwenye mashine hizo mara nyingi ni senti 40, 50 au 88, kwa sababu unanunua mistari yote ya malipo, yaani mipangilio yote ya picha inayoweza kulipa, kwa pamoja. Soma namba iliyoandikwa kwenye kitufe kabla ya kukibonyeza. Na zile zenye jakipoti ya pamoja, zilizounganishwa jimbo zima, ziache zilivyo. Megabucks imekuwepo tangu 1986 na mwaka 2003 ilimlipa mchezaji mmoja pale kasino ya Excalibur zaidi ya dola milioni 39, lakini nafasi ya kuipata ni karibu moja kati ya milioni 50, na sehemu ya kila dau unaloweka inakwenda kulisha kapu hilo, si kukurudishia wewe jioni hiyo.

Mwalimu Rehema, Mombasa, alijibu:

Assalaam alaykum. Kwangu mimi kamari ni haramu na sichezi, lakini hesabu ni hesabu, na wanafunzi wangu huniuliza maswali ya namna hii kila mara, kwa hiyo nitajibu upande huo tu.

Tuanze na kanuni yako ya kuondoka ukifika 150. Chukulia kwamba mchezo ni wa haki kabisa, yaani mashine inarudisha kila senti iliyowekwa. Mtu anayeanza na 100 na kusimama ama kwenye 150 ama kwenye sifuri angefika 150 mara mbili katika kila jioni tatu. Fanya hesabu: jioni mbili anapata 50 na 50, jioni ya tatu anapoteza 100, jumla ni sifuri. Kanuni haikumwongezea kitu. Ilipanga tu hasara na faida kwa sura inayopendeza, kwa kuwa ushindi mdogo unatokea mara nyingi na hasara kubwa inatokea mara chache. Sasa weka mkato wa kasino ndani yake. Zile mara mbili kati ya tatu zinashuka, na zinashuka zaidi kadiri dau linavyokuwa dogo na mizunguko inavyokuwa mingi, kwa sababu kila mzunguko unakatwa. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalipendi: kama lengo lako la pekee lingekuwa kufika 150, basi madau makubwa machache yangekupa nafasi nzuri kuliko madau madogo mengi. Dau dogo lisilobadilika linanunua muda wa kukaa kwenye kiti, na muda huo una bei.

Bei yenyewe inapatikana hivi. Mchezaji wa kawaida hubonyeza kama mara 500 kwa saa. Kwa senti 50, anakuwa ameweka madau ya dola 250 kwa saa, ingawa mfukoni alikuwa na 100 tu, kwa sababu anazungusha tena na tena kile alichorudishiwa. Asilimia 10 ya 250 ni dola 25. Hiyo ndiyo hasara ya wastani ya saa moja, na kwa wastani huo dola zako 100 zingedumu saa nne, ingawa jioni halisi inaweza kwenda juu au chini mno kuliko wastani. Mashine ya dola moja, tuseme inabakiza asilimia 8 tu: mizunguko 500 ni madau ya dola 500, na hasara ya wastani ni dola 40 kwa saa. Asilimia ni nafuu zaidi, lakini fedha inayotoka ni nyingi zaidi. Rafiki yako wa tatu alilinganisha asilimia akasahau kulinganisha madau.

Ama kuhusu kuongeza dau mara mbili, mpango huo ulitungwa kwa michezo inayolipa sawa kwa sawa, mathalani nyekundu na nyeusi kwenye ruleti, na hata huko una hatari yake. Anza na senti 50 na ukose mfululizo: 0.50, 1, 2, 4, 8, 16, 32. Mara saba zimekula dola 63.50, umebakiwa na 36.50, na dau la nane ni 64. Umekwama. Mashine inayolipa chochote katika mizunguko 30 kati ya 100 itakosesha mara saba mfululizo kwa nafasi ya takriban asilimia 8, yaani karibu mara moja katika kila mifululizo kumi na miwili unayoianza. Jioni moja tu ina mifululizo mingi kuliko hiyo. Tena kwenye sloti kuna kasoro ya pili ambayo ruleti haina: "kupata" si lazima kuwe kurudisha. Baada ya kuweka dola 32 unaweza kupata ushindi wa dola 12.80, taa zikawaka na muziki ukapigwa, na bado umepoteza 19.20 katika mzunguko huohuo.

Hilo la mwisho limechunguzwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wakiwemo Mike Dixon na Kevin Harrigan, walichapisha utafiti ambamo walipima jasho la ngozi ya wachezaji wapya, wakaona kwamba mwili unaitikia hasara ya namna hiyo karibu sawa na unavyoitikia ushindi wa kweli. Kwa hiyo ukikaa kwenye mashine ya mistari mingi, usitazame namba inayopanda katikati ya kioo. Tazama salio peke yake, na uliandike kila baada ya dakika kumi na tano kwenye simu au kwenye karatasi. Kanuni yako ya kusimama kwenye sifuri ni nzuri, lakini inafanya kazi kwa mtu anayejua amefika wapi.

Kijana wa Gerezani alijibu:

Nawashukuru wote wawili. Mimi nina swali la pembeni kidogo. Huku Dar es Salaam, kwenye mashine za sarafu tunazoziita dubwi, wapo vijana wasiocheza kabisa mpaka waone mtu ameliwa na kunyanyuka. Hapohapo wanakimbilia kiti chake. Na nimeshuhudia wakipata. Je, hao wote wanajidanganya? Na kama mtu ananyanyuka na anayemfuata anapiga jakipoti, si ina maana kwamba yule wa kwanza angeipata kama angevumilia mzunguko mmoja?

Fundi wa Henderson alijibu:

Ndugu yangu wa Gerezani, siwezi kuapa kuhusu kila mashine iliyofungwa nyuma ya duka, kwa sababu sijui ndani yake mna programu gani wala ni nani aliyeikagua. Ninazungumzia mashine zilizopita maabara na zenye kibali cha jimbo. Kwenye hizo, hao vijana wanapata kwa nafasi ileile ambayo wangepata kwenye kiti kingine chochote, na sisi huwakumbuka wale waliopata kwa sababu wale walioliwa baada ya kukimbilia kiti walinyanyuka kimya kimya.

Swali lako la pili nimeulizwa na watu waliokuwa wakitokwa na machozi. Jibu ni hapana. Namba hubadilika mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, kwa hiyo ili yule wa kwanza apate jakipoti ileile angelazimika kubonyeza katika sehemu ileile ndogo ya sekunde ambayo mwenzake alibonyeza. Kunywa funda moja la soda, kugeuka kumjibu mhudumu, kusogeza kiti, chochote kati ya hivyo kingempa matokeo mengine.

Nikiwa hapa niongeze kuhusu kadi ya mwanachama ambayo kasino itakupa bure, kwa maana najua swali hilo linakuja. Kadi haibadilishi matokeo, iwe imechomekwa au haijachomekwa. Inahesabu madau yako ili kasino ikurudishie sehemu ndogo kwa njia ya chakula au chumba. Ichukue, lakini usiongeze hata dau moja kwa ajili ya kufukuzia pointi.

Mama Zuhura, Houston, alijibu:

Mwananjiro mwanangu, hakuna aliyegusa swali lako la pasipoti, nami naona ndilo lenye madhara halisi. Sisi wa hapa Texas hatuna kasino kubwa za namna hiyo, kwa hiyo watu huendesha gari hadi Lake Charles, Louisiana, na mara kadhaa nimewasindikiza wageni kutoka nyumbani, ndiyo maana nalijua jambo hili.

Kwanza, Nevada umri wa chini ni miaka 21, na wanaweza kukuomba kitambulisho hata kama una mvi. Tembea na pasipoti yenyewe. Pili, ushindi mdogo unautoa kwenye mashine kwa tiketi na hakuna anayekuuliza kitu. Lakini mzunguko mmoja ukilipa kiwango fulani, mashine hujifunga, mhudumu anakuja, na fomu ya kodi inajazwa kabla hujakabidhiwa fedha. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilikuwa dola 1,200. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imekipandisha hadi 2,000 kuanzia mwaka 2026. Mgeni asiye mkazi wa Marekani hukatwa asilimia 30 hapohapo. Wapo raia wa nchi chache ambazo zina mkataba wa kodi unaowaondolea makato hayo, lakini Tanzania na Kenya hazina mkataba huo na Marekani. Kwa hiyo jakipoti ya dola 3,000 kwako ni dola 2,100, na mgeni hawezi kudai kwamba alipoteza 400 jana yake ili zipunguzwe.

La ajabu ni kwamba sheria ya kodi ya Marekani inausamehe ushindi wa mgeni kwenye michezo ya mezani ya ruleti, blackjack, baccarat na craps. Sikushawishi uhamie mezani, maana umesema hutaki, lakini ukiwa unalinganisha mashine na meza, asilimia 30 hiyo nayo iingie kwenye hesabu ya mwalimu Rehema.

Mwananjiro alijibu:

Nawashukuru sana, hasa mwalimu kwa hesabu ya jioni tatu, ambayo nimeipeleka ofisini na imezua mjadala uliodumu mpaka saa ya chakula cha mchana. Yule wa kuongeza mara mbili bado hajakubali. Nimeamua kubaki na dau lisilobadilika, ila sasa najua kwamba ninacholipia ni muda. Nina maswali mawili ya mwisho kwa Fundi: nikikuta dau la chini ni senti 88, nifanye nini? Na tiketi hiyo inageuzwaje kuwa fedha?

Fundi wa Henderson alijibu:

Ukikuta senti 88, tembea kidogo. Kwa mwendo uleule wa mizunguko 500, hiyo ni madau ya dola 440 kwa saa na hasara ya wastani ya dola 44, kwa hiyo mia yako inadumu saa mbili na ushei badala ya nne. Mara nyingi mashine zenye dau dogo zipo, ila hazikuwekwa kwenye njia kuu inayotoka mlangoni. Ukishindwa kabisa kuzipata, punguza mwendo: uache mzunguko umalizike wenyewe, usibonyeze mara ya pili kuusimamisha, na usiwashe kitufe cha kuzungusha mfululizo. Mtu anayecheza mizunguko 250 kwa saa kwa senti 88 anapoteza kwa wastani dola 22, ambazo ni pungufu ya zile 25 za hesabu ya mwalimu. Mwendo ni sehemu ya dau, ingawa hauandikwi kwenye kioo.

Kama unaujua mchezo wa poka, tazama pia mashine za poka ya video, kwa sababu jedwali lake la malipo liko wazi mbele yako na asilimia inaweza kukokotolewa. Ile ya aina ya "Jacks or Better" ambayo kwa kila sarafu inalipa 9 kwa "full house" na 6 kwa "flush" hurudisha asilimia 99.54 kwa mchezaji asiyekosea anayeweka sarafu tano kila mara. Zile za 6 na 5, ambazo zimejaa kwenye hoteli kubwa, hurudisha kama 95, na hiyo ni kwa asiyekosea vilevile.

Tiketi inatoka ukibonyeza kitufe cha kutoa fedha. Unaipeleka kwenye mashine ya malipo iliyo ukumbini au kwa keshia. Baadhi ya mashine za malipo hazitoi senti, hivyo kama una senti nyingi nenda kwa keshia. Usiiache ndani ya mashine ukaenda msalani, na usiingize jioni ya pili tiketi ya jioni ya kwanza, kwani hapo utakuwa umeunganisha bajeti mbili ulizotaka zitengane. Ina tarehe ya mwisho iliyochapishwa juu yake na kwa kawaida kasino nyingine haitaipokea, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kwenda uwanja wa ndege.